Kadi Nyekundu Iliyorudi Mfukoni

Kanyiva hakuwaficha watu kwamba anawadharau. Alimdharau jirani yake Thuo, karani mstaafu ambaye hajawahi kukimbia hata kufukuza kuku, lakini kila Jumatatu humsimamisha kwenye geti pale mtaani Woodley amfundishe sheria ya kuotea. Aliwadharau makocha wanaopiga chupa za maji teke, wachezaji wanaoanguka kabla ya kuguswa kisha wakalia huku wakichungulia kati ya vidole, na watangazaji wa redio wanaosema "mwamuzi amekosea" kwa sauti ya mtu aliyetumwa na Mungu. Zaidi ya wote aliwadharau watu wasiokubali makosa yao. Kazini kwake, katika duka la vikombe na medali katikati ya jiji, alichonga majina ya washindi kwenye vibati vya shaba. Mteja akileta jina aliloliandika vibaya, kisha akarudi kudai kwamba duka ndilo lililoharibu, Kanyiva alitoa karatasi ya mteja huyo, yenye mwandiko wake mwenyewe, akaiweka mezani na kumtazama mpaka jasho limtoke. Alifurahia sana dakika hizo.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kumi na mitano kati ya hiyo amepuliza filimbi. Alianzia mechi za shule na za mitaa kwenye uwanja wa Kang'ethe, hapo karibu na kwao, ambako wanaume wazima walimwambia arudi jikoni akapike, na yeye akawatoa nje mmoja mmoja kwa kadi mpaka wakajifunza adabu. Beji ya kimataifa aliipata, lakini mechi kubwa za wanaume walimpa nafasi ya mwamuzi wa nne tu. Hiyo ni kazi ya kuinua ubao wa kubadilisha wachezaji na kutukanwa na makocha wawili kwa zamu. Akaifanya miaka sita, uso umekaza.

Ndipo ikaja ile mechi. Nchi moja jirani, ambayo uwanja wake ulikataliwa kwa ubovu, ilikuja kuchezea uwanja wa Nyayo mechi yake ya mwisho ya kufuzu kwa mashindano ya bara. Wenyeji hao wa kuazima walivaa nyeupe, na walihitaji ushindi. Wageni wao walivaa kijani, na sare iliwatosha. Kanyiva alipangiwa ubao kama kawaida. Jioni ya kuamkia mechi, mwamuzi wa kati akashikwa na tumbo hotelini, akawa hawezi kusimama wima, na kwa mujibu wa kanuni mwamuzi wa nne, yaani Kanyiva, akapanda kuwa wa kati.

Mwaura akampigia simu papo hapo. Mwaura alikuwa katibu wa kamati ya waamuzi, mtu wa Karen, mtaa wa matajiri, mwenye nyumba kubwa na viatu visivyojua vumbi. Filimbi aliiacha zamani baada ya kushindwa jaribio la mbio mara tatu, na tangu hapo amekuwa akiwaeleza wenzake namna ya kukimbia.

"Kanyiva, sikiza," alisema. "Ijumaa natuma list ya marefa wa kwenda mashindano ya bara. Hii gemu ikiisha bila maneno, jina lako liko. Hakuna mwanamke wetu amewahi kushika kati huko. Usiniaibishe."

Usiniaibishe. Kana kwamba ni yeye atakayekimbia kilomita kumi na mbili kesho yake. Lakini Kanyiva aliitaka orodha hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hilo hakumwambia mtu.

Alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo Kang'ethe, ambako jezi zilikuwa za kuokoteza na rangi hazisomeki. Kadi yake ya manjano aliigawa kwa mstari katikati. Timu inayolinda goli la kushoto aliiandika kushoto, na inayolinda la kulia aliiandika kulia. Timu zikibadilishana magoli wakati wa mapumziko, alichukua kadi mpya na kuhamisha namba zote upande wa pili. Waamuzi wenzake walimcheka, wakamshauri aandike majina ya timu kama watu wengine. Naye aliwadharau, kwa kuwa katika miaka kumi na mitano hajawahi kukosea.

Dakika ya thelathini na moja, beki namba tano wa nyeupe alimkata mtu miguu. Nyeupe walikuwa wakilinda goli la kushoto. Kanyiva akaonyesha manjano na kuandika kushoto: 5, dakika 31.

Mapumziko yalipofika, akaketi chumbani na kalamu yake, kadi mpya gotini. Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Mwaura akaingia na wanaume wawili wenye suti, jambo lisiloruhusiwa kabisa, akitaka wageni wake wapige picha na "refa wetu mama". Walipiga picha. Walipiga nyingine kwa sababu mmoja alifumba macho. Walipotoka, kengele ilikuwa imelia, na Kanyiva akarudi uwanjani amejaa hasira na kadi ileile ya zamani mfukoni.

Dakika ya sabini na nne, nyeupe wakimiminika mbele na uwanja mzima umesimama, namba tano wa kijani alimvuta jezi mshambuliaji mpaka ikachanika. Manjano, bila ubishi. Kanyiva akaitoa kadi ili aandike, akatazama upande wa kushoto, ambako sasa walikuwa wakilinda kijani. Namba tano. Dakika 31. Akainua manjano, ya pili kwa hesabu yake, kisha nyekundu.

Nyayo ikalipuka kwa shangwe. Nahodha wa kijani alimjia mbio, mikono nyuma kwa adabu, akirudia maneno yaleyale: hana kadi, refa, huyu hana kadi. Kanyiva alimtazama alivyozoea kuwatazama wateja wake. Wote husema hivyo.

"Kanyiva," sauti ikamwambia sikioni, kwenye kifaa cha mawasiliano. Alikuwa Saleha, mshika kibendera wa upande wa majukwaa, binti wa familia ya Mombasa yenye duka la vitambaa mjini. Kanyiva hakuwahi kumhesabu Saleha kuwa mwamuzi. Alizungumza taratibu mno, kama mtu anayeomba ruhusa ya kupita. "Aliyeandikwa mwanzo ni tano mweupe. Huyu wa kijani hana."

"Una uhakika?"

"Nimeandika hapa. Mpira haujaanza, dada. Bado unaweza kurudisha."

Kanyiva aliitazama kadi yake tena, ileile ya kipindi cha kwanza, namba hazijahamishwa. Mpira ulikuwa umeshawekwa chini, na mchezaji wa nyeupe alikuwa akiomba kwa mikono apige haraka. Ukishapigwa, basi, hakuna awezaye kuirudisha ile nyekundu, na yeye angeweza kusema baadaye kwamba kelele zilizidi, hakusikia kitu sikioni. Watu elfu thelathini walikuwa wakimshangilia, jambo ambalo halijawahi kumtokea maishani. Namba tano alikuwa anatoka taratibu, uso ameufunika kwa jezi, mabega yakitetemeka. Huyu hakuwa akichungulia kati ya vidole. Na Kanyiva, aliyewafanya watu wangapi watokwe na jasho mezani pake, alijiona amesimama upande wa pili wa meza hiyo, karatasi mbele yake, mwandiko ni wake mwenyewe.

Akapuliza filimbi. Akamkimbilia namba tano hadi karibu na mlango wa kutokea, akamshika mkono, akamrudisha. Akainua juu kadi nyekundu watu wote waione, akatikisa kichwa na kuirudisha mfukoni, kisha akaonyesha manjano peke yake.

Matusi aliyosikia hapo hayafai kuandikwa. Chupa zilirushwa, na zile nyimbo za kumsifu ziligeuzwa maneno. Dakika ya tisini na mbili, mpira wa kichwa wa nyeupe ulikuwa unaingia wavuni, na aliyeuokoa kwenye mstari wa goli kwa paji la uso ni namba tano wa kijani. Ikaisha sare tasa. Kijani wakafuzu, na askari wakawatoa waamuzi chini ya ngao.

Mwaura aliwasubiri chumbani, shingo imemvimba.

"Bado tunaweza kuokoa hii kitu," alisema. "Kwa ripoti andika Saleha ndiye alikuambia tano kijani ana kadi, halafu akageuka. Kosa ni la mshika kibendera. Wewe unabaki kwa list."

Saleha alikuwa ameinama akifungua kamba za viatu.

"Umesikia?" Kanyiva akamuuliza.

"Nimesikia."

"Na huna la kusema?"

"Ripoti ni yako, dada."

Asubuhi iliyofuata Thuo alikuwa getini mapema kuliko kawaida, kikombe cha chai mkononi. "Refa hutoa kadi halafu anairudisha kama chenji?" aliuliza. "Miaka arobaini naangalia mpira, sijaona." Kanyiva alimpita akaelekea kazini. Dharau yake ilikuwepo bado, ila safari hii haikumpa raha yoyote.

Ripoti aliijazia dukani, kati ya vikombe. Ilikuwa fomu ndefu. Ilikuwa na nafasi ya makosa ya wachezaji, ya makocha, ya mashabiki, ya taa na ya nyavu. Ya makosa ya mwamuzi haikuwa nayo, na Kanyiva akaelewa ni watu wa aina gani walioitunga, nao akawadharau. Akageuza ukurasa, akaandika nyuma, kwa herufi zilezile za kuchongea shaba: "Dakika ya 74 nilimtoa mchezaji asiye na kosa la kutolewa. Sikuhamisha namba wakati wa mapumziko. Msaidizi wangu Saleha alinisahihisha kwa wakati. Katibu wa kamati aliingia chumbani mwetu na wageni, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu."

Ijumaa orodha ikatoka. Jina la Saleha lilikuwemo. La Kanyiva halikuwemo, na kwa umri wake, na kwa hasira ya Mwaura, halitakuwemo tena.

Saleha alipiga simu mchana. "Dada, hii si haki."

"Ni haki," Kanyiva akasema. "Wewe nenda kainue kibendera. Na uzungumze kwa sauti, watu wasikie."

Alipokata simu akaingia stoo, akakaa juu ya katoni na kulia mpaka akatosheka. Aliporudi mezani palikuwa na mteja, mzee wa kamati ya michezo ya shule fulani, amekuja na kikombe chenye jina lililokosewa, tayari kwa vita. Kanyiva alikuwa na ile karatasi ya oda kwenye droo, mwandiko ni wa mzee mwenyewe. Hakuifungua droo. Alikipokea kikombe, akamwomba amtamkie jina herufi moja moja, akaanza kuchonga upya.