Mlango wa Ernestina na rangi iliyokataa kukauka

Jirani yangu Ernestina amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni ule wa kukaa mifupani, kama moshi unavyokaa kwenye nguo. Kutwa nzima anachemsha chikichi, anaponda, anakamua mawese, anabeba madumu hadi barabara ya Minago, na akirudi anakuta sombe, majani ya muhogo ya mboga, bado haijatwangwa. Mimi Zuwena ni mkubwa kwake na nimechoka vilevile, ila mimi nachoka nikiwa nimekaa.

Mali yake ya kujivunia ni moja, mlango. Mume wake Anselmo aliuchonga kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania kwa mbao za mninga, mzito hivi kwamba siku waliyorudi Burundi lori liliinama upande mmoja toka mpakani mpaka Rumonge, na dereva akafika shingo imepinda. Wakajenga kule chini, karibu na maji. Anselmo akafa, akazikwa nyuma ya nyumba. Halafu ziwa likapanda. Mnalijua ziwa letu. Kwanza lilikuja uani kama mgeni mwenye haya, kisha likaingia sebuleni bila hodi. Aliyebisha hodi ni kiboko. Nilimsikia kwa masikio haya, akabisha kwa adabu, akaona hajibiwi, akaenda zake. Wakati huo Ernestina alikuwa ameshaung'oa mlango, ameupanda na kuku wake wote, anapiga kasia kwa mwiko wa bugali. Kuna watakaokwambia aliubeba kichwani. Hao hawakuwepo.

Nyumba ikaenda, na kaburi likaenda nayo, liko chini ya maji mpaka leo. Kwa hiyo alipojenga chumba na sebule huku juu jirani na kwangu, mlango ule ndio Anselmo pekee aliyembakia.

Sasa mwanawe Yonasi, anayefanya kazi Bujumbura, akapiga simu. Alisema Jumamosi anakuja na mlango wa chuma. Alisema ule wa mbao umeoza, una alama za maji, na watu wanamcheka kwamba yeye anavaa viatu vya kung'aa huku mama yake anafunga nyumba kwa ubao wa kambini. Ernestina alimsihi. Mwisho Yonasi akalegea kidogo: akiukuta unapendeza, utabaki, akiukuta ulivyo, utapasuliwa kuni. Ernestina alikuja na maneno hayo kwangu, akakaa kwenye mkeka, hakuomba hata maji.

Tukaenda sokoni kwa Ramazani, mtoto wa dada yangu, muuza rangi. Rangi ya buluu tulikubaliana haraka. Kazi ilikuwa kwenye kung'aa. Ramazani alitueleza kwamba iko briya, inayong'aa kama kichwa kilichonyolewa leo. Iko mati, iliyolala, haing'ai kabisa. Na iko satine, ya katikati, ya watu wasiojua wanachotaka.

"Mulango yenyewe iko ya zamani?" akauliza.

"Iko ya zamani kuliko wewe," nikamjibu, "na haisemi sana kama wewe."

"Mama Mukubwa, pole pole. Kama iko ya zamani, chukueni mati. Mati inaficha vidonda. Briya inaanika kila kitu."

Ernestina alitaka kuficha. Alama za maji, nyufa, kila kitu ambacho Yonasi angekinyooshea kidole. Akachukua mati, na jioni ile ile akapaka.

Rangi haikukauka. Asubuhi ilikuwa inanata, mchana inanata, na rangi ya machungwa ikaanza kutoka kama jasho katikati ya buluu, mlango ukawa kama mtu mwenye surua. Kuku wake mweupe aliegemea pale akanasa, na kwa kuwa saa yake ilikuwa imefika, akataga akiwa amesimama. Nilimbandua mimi. Nusu ya manyoya ilibaki mlangoni.

Kosa lilikuwa letu sote wa pwani hii. Kila Noeli Ernestina hupaka mlango mawese, mchwa wasiusogelee na mbao zisipasuke, kama wanavyofanya majirani wote. Mlango ukiusugua kwa mawese miaka yote hiyo, unakunywa mpaka moyoni. Rangi utakayopaka juu itashika nini? Itaelea tu, kama mtumbwi.

Ernestina alikaa kizingitini, mikono mapajani.

"Zuwena, mimi nimechoka. Alete tu chuma yake."

Nikaketi kando yake. Jamaa huyu alivuka mpaka na mlango, akavuka ziwa na mlango, halafu anashindwa na kopo moja la rangi. Nilimwangalia nikaona kweli nguvu zimeisha, hata za kulia.

Lakini sufuria ya sabuni ilikuwa motoni, na kazi haijui kwamba mtu amekata tamaa. Akainuka akaenda kukoroga. Sisi hupika sabuni kwa mawese na maji ya majivu, majivu ya mikungu mitupu ya chikichi. Alipokuwa akichota yale maji, yakammwagikia mikononi, mikono yake ambayo tangu nimfahamu ina rangi ya mawese. Akaifuta kwenye kitenge. Ilitoka safi, na kwenye kitenge kukabaki povu la rangi ya machungwa. Akaangalia mikono, akaangalia mlango. Akanipa kitambaa.

Tuliulaza mlango juu ya mawe, tukausugua kwa maji ya majivu. Rangi ilitoka, mawese yakatoka, povu likashuka mtaroni likiwa jingi hivi kwamba wavuvi wa kule chini walifua nguo bure. Mgongo wangu mpaka leo unanidai. Tukasuuza, tukauacha ukauke kivulini, na asubuhi yake Ernestina akaupiga msasa. Hapo ndipo mbao zilipotokea kama Anselmo alivyoziacha. Mstari wa maji ya ziwa ulikuwepo. Na chini, usawa wa goti, kulikuwa na shimo la jembe. Yonasi alilipiga akiwa mtoto, siku aliyofungiwa nje kwa kuiba sukari. Ernestina alinihadithia kwamba alitaka liranduliwe, Anselmo akakataa, akasema liachwe, mwenyewe atalikuta akikua.

Tukarudi kwa Ramazani. Safari hii Ernestina aliomba briya.

"Mama Yonasi, itaanika kila kidonda."

"Ianike. Mimi nimechoka kuficha. Na mikono yangu iko na mawese kila siku. Mati itanidai kuisugua kila jioni. Hiyo yako ya kung'aa nitaipitisha kitambaa mara moja, nilale."

Ramazani akashusha kopo la briya.

Ernestina akapaka mkono wa kwanza mwepesi, ukakauka. Akapaka wa pili. Jumamosi alfajiri mlango uling'aa hata majogoo ya Kabonga yakawika kabla ya wakati, na Kabonga si karibu.

Yonasi alifika na gari, mlango wa chuma umefungwa kamba juu. Alituamkia, akasogea kutafuta uozo. Aligonga juu, akagonga katikati, mbao zikamjibu imara. Kwenye mstari wa ziwa alipitisha kidole. Kisha akainama.

"Mama, hii si ile ya jembe?"

"Eeh, njo yenyewe. Baba yako alisema utaikuta."

Yonasi akachuchumaa na suruali yake nzuri, dole gumba ndani ya lile shimo, akakaa hivyo mpaka waliokuja naye wakaanza kufungua kamba. Akawaambia waache, wasishushe.

Ila chuma kile hakikurudishwa Bujumbura. Kikaletwa kwangu, na mkisikia niliomba, msiamini. Nilikisifu tu kwa sauti kubwa. Mchana kinaunguza mkono, na upepo ukija kinalia kama ng'ombe aliyepoteza ndama. Mlango wa Ernestina haulii. Jioni namsikia akirudi na madumu, akikokota miguu. Kitambaa kinapita mara moja juu ya ile buluu, mlango unafungwa, na mwenyewe amelala hata viatu hajavua.