Waya wa Tano

Fundi lifti asiyepanda lifti! Majirani walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Mtu kakaa miaka ishirini na miwili akitengeneza lifti za watu, leo anakwea ngazi mia moja na nane kwa miguu yake mwenyewe, anafika ghorofa ya sita ulimi nje, shati limemganda mgongoni.

"Daktari kasema nitembee," alijitetea.

"Daktari kasema, au wewe unazijua siri za lifti zako?" mkewe alimchokoza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemsukuma kwenda huko juu. Siku kumi na tisa nyuma presha ilimpanda kazini. Dunia ilimzunguka, na mwenzake, fundi mmoja mwenye maneno mengi waliyembandika jina la Domo, alimkuta kaketi kwenye ngazi za jengo lile lile, anatazama viganja vyake kama vya mtu mwingine. Daktari akampa dawa, akampa likizo, akamwambia ajifunze kupumua. Kujifunza kupumua! Fundi alibaki kinywa wazi. Alidhani hilo alilimaliza siku aliyozaliwa.

Jumatatu angepimwa tena. Presha ikiwa imeshuka, angerudishiwa begi lake la vifaa. Isiposhuka, msimamizi wa karakana, mama mfupi asiyecheka ambaye mafundi wote walimwita Mama Spana, angemhamishia stoo kugawa glovu na grisi. Kwa Fundi, stoo ilikuwa sawa na kuzikwa ukiwa hai.

Basi akaenda yoga, huko huko ghorofa ya sita.

Chumba chenyewe kilikuwa kitupu: mikeka minane, dirisha moja, na saa ya ukutani iliyotolewa betri ili isipige kelele. Mwalimu alikuwa binti wa umri wa mtoto wake wa kwanza, mwenye sauti ya kubembeleza. Siku ya kwanza aliwaambia jambo lililomtoa Fundi macho.

"Mwili wako umejengwa kwa vitu vitano," alisema. "Ardhi, maji, moto, hewa, na uwazi. Ardhi ni mifupa na nyama, uzito wako. Maji ni damu na mate, yanayotembea. Moto uko tumboni, unapika ulichokula, na uko machoni. Hewa ni pumzi. Na uwazi ndio unaovipa vyote vinne mahali pa kukaa."

"Samahani, Mwalimu," Fundi alidakia. "Huo uwazi ni kitu, au ni mahali ambapo kitu hakipo?"

"Wewe unaonaje, Baba?"

Fundi alikuna kichwa. Akafikiria shimo la lifti, lile tundu refu linaloshuka kutoka paani mpaka chini, ambalo watu hupita ndani yake kutwa nzima bila kulijua. Ukilijaza zege, lifti itapita wapi? Akaduwaa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifanya kazi ndani ya kitu cha tano, na hakuna aliyemwambia!

"Fundi, pumua taratibu," sauti ikatoka mkeka wa jirani. "Hatutumi telegramu hapa."

Huyo alikuwa Bi Posta, bibi aliyestaafu kazi ya posta, mkongojo wake kaulaza pembeni. Macho yake yalikuwa na ukungu. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa mwendo. Fundi alimpenda tangu siku hiyo. Kila kipindi kikiisha, wenzake walimshika Bi Posta mkono, wakashuka naye kwa lifti kwa vicheko. Fundi alijishukia zake kwa ngazi.

Ugumu wake ulikuwa mmoja: mpangilio. Mwalimu alitaka waviyeyushe vile vitu ndani ya akili, kimoja kimoja, kuanzia kizito kwenda chepesi. Ardhi iyeyuke kwenye maji, maji yakaushwe na moto, moto uzimikie kwenye hewa, hewa itulie kwenye uwazi. Fundi alivichanganya kama karata. Mara moto umetangulia maji, mara hewa imepotea kabisa.

Ijumaa ya siku ya kumi na tisa, mkewe aliitoa ovaroli yake ya kazini nyuma ya mlango. Ilikuwa imening'inia pale tangu siku ya presha.

"Mume wangu, hii ovaroli inataka kutembea yenyewe," alisema, huku akipekua mifuko kabla ya kuiloweka. Akatoa pete ya chuma yenye nyaya fupi. "Na hizi jampa zako unazifuga humu?"

Jampa ni kipande cha waya, urefu wa kiganja. Fundi akitaka kujaribu lifti yenye kasoro ya mlango, hukichomeka kwenye paneli ya umeme, juu kabisa kwenye chumba cha mashine, na mashine inadanganyika kwamba milango yote imefungwa. Ni uongo wa dakika tano tu. Ukimaliza, unauchomoa. Ndiyo maana karakana ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: kila fundi anabeba jampa tano kwenye pete moja, anazihesabu akiingia, anazihesabu akitoka. Mkewe alikuwa amezishonea mikia ya kitambaa chekundu ili hata kipofu asiweze kuzisahau.

Fundi akaziona, akafurahi kama mtoto. Tano! Vitu vitano! Akaitia pete mfukoni bila kuitazama mara mbili, akakwea ngazi zake mia moja na nane.

Siku hiyo Bi Posta alimnong'oneza Mwalimu kwamba angetoka mapema, anawahi kliniki ya macho. Kisha wakaketi, wakafumba macho. Chumba kikanyamaza mpaka Fundi akasikia mate yake mwenyewe yakishuka kooni. Akaishika pete ndani ya kiganja.

"Ardhi," sauti ya Mwalimu ilisema. Fundi akashika mkia wa kwanza. Makalio yakawa mazito kama gunia la saruji.

"Maji." Mkia wa pili. Damu ilimtembea masikioni.

Akasikia mkongojo ukigusa sakafu taratibu, tok, tok, kuelekea mlangoni. Bi Posta anaondoka.

"Moto." Mkia wa tatu. Joto tumboni, zuri.

"Hewa." Wa nne. Aliivuta pumzi, akaiachia, na kwa mara ya kwanza tangu aanze, hakuna kilichochanganyika. Laiti Mama Spana angemwona!

"Na sasa, uwazi."

Kidole chake kikaenda kwenye mkia wa tano. Kikagusa chuma cha pete. Akarudi nyuma, akahesabu upya. Moja, mbili, tatu, nne. Chuma.

Akafumbua macho. Akaifungua ngumi yake, akaitazama pete kama mtu anayetazama mkono wenye vidole vinne.

Siku ile! Alikuwa anashughulikia mlango wa ghorofa ya sita, kufuli yake imelika, haishiki. Lifti ya jengo lile ilikuwa ya zamani, ya mlango wa kuvuta kwa mkono, na watu wote walioipanda walikuwa na imani moja: mlango ukifunguka, lifti ipo. Kufuli ndiyo iliyoitunza imani hiyo. Yeye alikuwa amechomeka jampa ili ajaribu. Kisha kichwa kikazunguka. Akafunga paneli, akawasha swichi kuu kwa mazoea tu ya mkono, akashuka kuketi kwenye ngazi. Domo alidhani kazi imekwisha. Siku kumi na tisa lifti ilikuwa ikipanda na kushuka ikiamini kila mlango umefungwa, na mlango wa ghorofa ya sita ulikuwa ukifunguka kwa yeyote anayeuvuta, kibanda cha lifti kiwepo kisiwepo. Wenye macho walisubiri taa ya kuonyesha lifti imefika iwake ndipo wavute. Bi Posta haioni taa.

Tok, tok, huko koridoni.

Fundi aliruka. Alikanyaga mikeka, akakanyaga na mguu wa mtu. "We baba, vipi?" mtu akafoka. Fundi akafika koridoni.

Mlango wa lifti ulikuwa wazi. Nyuma yake hapakuwa na kibanda. Palikuwa na giza na nyaya nene za chuma zinazotetemeka, na Bi Posta, mkono mmoja kwenye kitasa, alikuwa ameutanguliza mkongojo wake ndani akitafuta sakafu. Mkongojo ulikuwa ukicheza hewani. Mguu wa kulia ulikwisha kunyanyuka.

Kelele ilimpanda Fundi mpaka kwenye meno. Akaimeza. Akipiga kelele, bibi atashtuka, na akishtuka ataangukia huko huko. Akavuta pumzi moja, akaishusha mpaka tumboni kama alivyofundishwa.

"Bi Posta," alisema polepole, kama anayeomba chumvi. "Simama hivyo hivyo, bibi. Barua yako nimeishika mimi."

Mguu ukabaki juu. "Fundi? Barua gani tena?"

Alikwisha kumfikia. Akamzungushia mkono kiunoni, akamvuta nyuma kwa nguvu, wote wawili wakaanguka chali koridoni. Mkongojo ulimponyoka bibi. Ukapotelea shimoni, na kwa muda mrefu hakikusikika kitu. Kisha, huko chini kabisa, sauti: ta!

Bi Posta aliishika mikono ya Fundi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Huo ndio mkongojo wangu?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Ningekuwa mimi!"

Darasa zima lilikuwa limejaa koridoni. Mwalimu, aliyekuwa akiwafundisha utulivu wiki nzima, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, midomo ikimchezacheza. Mmoja akaanza kumsifu Fundi: kaona mbali, ana kipaji, bila yeye leo tungelia. Wengine wakadakia. Fundi akausukuma mlango, akaburuta benchi akaliziba, akamwambia mtu asimame pale asiondoke. Akapanda chumba cha mashine, akazima swichi kuu, akafungua paneli. Waya ulikuwepo. Mkia mwekundu ulikuwa umening'inia katikati ya mamia ya nyaya, na mshono wa mkewe juu yake.

Angeweza kuutia mfukoni. Jumatatu angepimwa presha, angerudishiwa begi, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimjia, akalisikia lilivyo zuri, akajiogopa.

Alishuka ameushika mkononi.

"Msinisifu," alisema. "Huu waya ni wangu. Niliuacha mimi. Mlango ulifunguka kwa sababu yangu."

Aliyekuwa akimsifu alirudi hatua moja nyuma. Bi Posta, aliyeketishwa kwenye kiti, aligeuza uso kuelekea ile sauti.

"Kwa hiyo umeniokoa kutokana na wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi wewe ni mjinga," alisema. "Na utaninunulia mkongojo mwingine. Sasa mpigie bosi wako nikiwa hapa, nisikie kwa masikio yangu."

Fundi akapiga. Mama Spana alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema neno moja, "Njoo," akakata.

Presha yake ilipopimwa Jumatatu ilikuwa ya kawaida kabisa! Daktari mwenyewe alishangaa, akapima mara mbili. Haikusaidia. Begi hakurudishiwa. Mama Spana alisema mwaka mzima hatagusa paneli ya mtu, na wala hakumpeleka stoo. Alimwekea kiti mlangoni pa karakana. Kazi yake ikawa kushika pete ya kila fundi, asubuhi anapotoka na jioni anaporudi, na kuhesabu.

Fundi hakuhesabu moja, mbili, tatu. Alishika mkia wa kwanza akasema, "Ardhi." Wa pili, "Maji." Mafundi walivunjika mbavu. Domo ndiye aliyeongoza kicheko. Alimwita Mganga, akapita mlangoni akijifanya anaelea.

Jioni ya siku ya tatu Domo alirudi akipiga mluzi, akairusha pete kwenye mapaja ya Fundi.

"Haya Mganga, tabiri."

"Ardhi," Fundi akaanza. "Maji. Moto. Hewa."

Kidole kikagusa chuma.

Mluzi ukakatika. Domo alijipapasa mfuko wa kushoto, wa kulia, wa kifuani. Akaitazama pete.

"Jengo gani?" Fundi aliuliza, simu tayari sikioni.