Makofi ya maji ya ng'ombe

Leo nimepigiwa makofi kwenye jumuiya, na sikuyastahili.

Tulikuwa tunamkaribisha mwalimu mpya aliyehamia hapa Kitanga kutoka Singida. Kila mtu anampa lake: nenda karipoti kwa mwenyekiti wa kitongoji, usisahau barua ya utambulisho, kuni nunua kabla ya mvua.

Mama Yustina akasimama.

"Kwanza mwalimu apate mtu wa kumwonyesha maji. Mimi nilionyeshwa na huyu."

Akaninyooshea mkono. Watu makofi.

Jamani, ngoja niwaambie ukweli.

Miaka ile ya sabini tulipohamishiwa vijijini, huyu mama alifika kwetu na Yustina mgongoni. Baba yangu, balozi wa nyumba kumi, akaniambia nimpeleke chemchemi ya juu. Huko foleni ilikuwa ndefu, na mimi sikutaka aongezeke mtu. Nikampeleka bondeni, wanakonyweshea ng'ombe.

Yustina aliharisha wiki nzima.

Miaka yote hii nilijipa moyo kwamba mama yake hajui.

Leo tulipotoka nikamfuata, nikaanza kubabaika. Akanikatiza.

"Nilijua wiki ile ile, nilipoona wenzangu wote wanapanda juu."

"Sasa mbona umenisifu mbele za watu, dada?"

"Kesho asubuhi mwalimu anataka kupelekwa kuchota maji. Nimeshamwambia utampeleka wewe."

Ninyi mngefanyaje?

Ndoo nimeshaosha. Mwanamke mzima, nina wajukuu, na naogopa kwenda chemchemini.