Mashahidi wa Shamba la Sihaba

Mwalimu Khalidi alimwambia Sihaba asubiri, na kwa kusubiri huko Sihaba akapoteza shamba la mama yake. Hilo ndilo kosa. Mengine yote ni maelezo.

Shamba ni la mpunga, liko deltani, ambako mwanamke huvuka kwa mtumbwi na kukaa miezi juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, akifukuza ndege na nguruwe mpaka avune. Sihaba alilipata kwa mama yake, na mama kwa bibi. Mumewe alipofariki, shemeji yake Mwinjuma akadai ni la marehemu. Ilikuwa miaka ile ya ruhusa, biashara imefunguliwa, kila mwenye kipande cha ardhi anatafuta mgeni wa kumuuzia. Mahakama ya mwanzo haikuona hati yoyote, ikampa mwanamume. Sihaba akabakiziwa siku thelathini za kukata rufaa.

Katika siku hizo akafika Khalidi, mwalimu wa sheria wa chuo kikuu, mtoto wa wenye maduka pale Ikwiriri. Alikuwa anaandika makala juu ya urithi wa wanawake. Akakaa barazani kwa Sihaba siku tatu na kinasa sauti chake.

"Usiende mahakamani na maneno matupu, mama," alisema. "Ngoja makala itoke kwenye jarida. Hakimu akiona maandishi hatabisha."

"Itatoka lini?"

"Siamui mimi. Mhariri hufuta jina langu, akawapelekea wasomi wawili wa sheria kama mimi. Wao hawajui nani kaandika, mimi sijui nani kasoma. Kila mmoja anaandika kasoro alizoziona, anashauri ichapwe, irekebishwe au itupwe."

"Mwonjaji hamjui mpishi, na mpishi hamjui mwonjaji?"

"Ndiyo, wasije wakapendeleana."

"Na mwonjaji akikosea, agombezwe nani?"

Khalidi akacheka. "Ungekuwa wakili wewe, mama."

"Ningekuwa wakili, ningekuwa nakula mpunga wangu."

Siku thelathini zikapita. Baada ya miezi saba Khalidi akarudi na karatasi, akamsomea. Msomaji wa kwanza ameridhika. Wa pili amesema mwandishi anategemea kauli ya mwanamke mmoja asiyejua kusoma, tena mwenye maslahi yake. Waletwe mashahidi, la sivyo sehemu hiyo iondolewe.

Sihaba hakukasirika. Anayetaka mashahidi hajataka kibaya. Akawaita Mwanawetu, Bahati na Mwanabaraka, waliolima mpakani naye tangu usichana. Wakaketi mkekani, yeye kati yao.

"Bibi, shamba lile ni la nani?" Khalidi akamuuliza Mwanawetu.

"Sihaba si huyu hapa? Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi sijui, baba."

Bahati naye hakujua. Mwanabaraka alisema yeye macho yake hayaoni mbali.

Kule deltani shamba la mtu halisemewi mwenyewe akiwapo. Ukilisemea umemfanya maiti. Kwa hiyo kule kutojua kwao ndiko kulikokuwa kumtambua mwenye shamba, lakini mtoto wa dukani, hajalala dunguni hata usiku mmoja, atalijuaje hilo?

"Mwalimu," Sihaba akasema, "nitoke niende kisimani, uwaulize tena."

"Basi tu, mama. Gari litaniacha."

Akafunga mashine yake. Kwa mhariri akaandika kwamba mashahidi hawakujua. Msomaji wa pili akaridhika.

Jarida lilitoka baada ya mafuriko ya Elinino. Mahamudu, karani wa kata, ndiye aliyemsomea. Katika kurasa ishirini na mbili, siku tatu za Sihaba zilikuwa mstari mmoja: inadaiwa kuwa baadhi ya wanawake wa delta humiliki mashamba, lakini mashahidi hawakuthibitisha. Mwishoni Khalidi anawashukuru wasomaji wawili, asiowajua, kwa kuiboresha kazi yake.

"Na mimi?" Sihaba akauliza.

"Hujatajwa, shangazi."

"Soma tena."

Mahamudu akasoma tena. Hakutajwa.

Sihaba alipokwenda wilayani kuomba rufaa nje ya muda, wakili wa Mwinjuma alikuja na jarida mkononi, akausoma mstari ule ule. Ombi likatupwa. Khalidi alipanda cheo. Alileta barua moja, akisema alifuata taratibu zote, na Sihaba hana ubishi, zilifuatwa.

Mwinjuma anadaiwa shamba. Msomaji wa pili, popote alipo, anadaiwa kujua alichokikata. Na Khalidi anadaiwa kurudi, awaulize wale wanawake Sihaba akiwa hayupo, na watakayosema ayachape katika jarida lile lile. Mwanawetu amekwisha kufa. Wamebaki wawili.