Fundo Juu ya Kichwa cha Gia

Mume wangu alikuwa anafunga kamba kwenye vitu vya mviringo. Nikiulizwa kazi yake nilikuwa nasema ni fundi, nanyamaza hapo, kwa sababu kueleza kulichukua muda na watu walicheka. Alichukua gololi, au mpira wa tenisi uliochakaa, au tufe la mti alilochongewa na seremala, akalizungushia kamba nyembamba, juu ya mstari mmoja, chini ya mwingine, mpaka tufe lote likafunikwa na usione kamba imeanzia wapi wala imeishia wapi. Wateja wake walikuwa madereva wa malori pale Uyole. Gololi walizitia kwenye funguo, mipira waliitundika ndani ya gari. Wale walioyapenda magari yao zaidi walimletea kichwa cha gia chenyewe, ule mviringo mgumu mweusi ambao dereva anaushika kutwa nzima, aufunike kwa kamba usiteleze mkononi.

Alijifunza alipokuwa tingo, msaidizi wa dereva wa lori. Dereva wake alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi melini kabla ya kuingia barabarani, na gari ikiharibika porini mzee huyo alitoa kamba akafunga mafundo huku wakingoja spea. Mume wangu aliangalia, akajaribu, akakosea, akaendelea. Mgongo ulipomkataza kupakia mizigo, akakaa Uyole na kigoda chake na mfuko wa kamba.

Mwanzoni hatukuwa na matufe. Akafunika kokwa za parachichi, ambazo huku kwetu zinatupwa kila mahali. Zilitoka nzuri sana, akaziuza zote. Baada ya muda kokwa zikakauka, zikasinyaa ndani ya kamba, madereva wakarudi wanazitikisa masikioni mwake. "Fundi, umetuuzia manyanga au nini?" Alicheka pamoja nao, akawafungia nyingine bure. Jina la fundi manyanga lilimkaa mwaka mzima.

Mimi nilikuwa nachemsha kamba kwenye rangi, nazianika, na mwishoni nachoma ncha kwa mshumaa zisifumuke. Kufunga sikufunga. Niliona kwa miaka mingi, lakini kuona si kufunga, nami sitaki kusema zaidi ya ukweli.

Ilikuwa hivi. Kwanza alivika tufe kitambaa ili pini zipate pa kushika. Akalaza kamba kwa ulegevu, akiibana kwa pini kila inapopinda. Hiyo aliita njia. Kisha akarudi na ncha ileile, akaifuata njia ubavuni mwake, mara ya pili, mara ya tatu. Hapo fundo linakuwa limekamilika lakini bado ni legelege, limekaa kama sweta la mtu mkubwa kwa mtoto. Kazi yenyewe ni kukaza. Unaanzia mwanzo wa kamba, unavuta ulegevu kidogo kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, unausukuma mbele hatua kwa hatua mpaka ncha ya mwisho, kisha unaanza tena. Ukiwa na haraka ukavuta mahali pamoja kwa nguvu, tufe zima linapinda. Alikuwa anasema mikono ya mtu inaonekana kwenye kukaza.

Kifua kilipombana hakwenda tena Uyole. Alikaa nyumbani kwetu Ilomba, amejifunika blanketi, na kazi moja tu mapajani, kichwa cha gia cha dereva mmoja rafiki yake anayepita kwenda na kurudi Tunduma. Kitambaa cha ndani alikikata kwenye sweta langu jekundu lililoliwa na panya. Alifika mpaka mwisho wa kufuata njia. Kukaza hakuwahi. Siku aliyopelekwa hospitali alikiweka mezani akasema, "Kisiguswe, nitakuja kukimalizia." Hakurudi.

Tulimzika kwao, Iringa, kijijini kwa baba yake. Niliporudi Ilomba kile kichwa cha gia kilikuwa palepale, na pini zake zote. Sikukigusa. Nilikuwa nafagia, napika, nakipita. Nguo zake zilikuwa zimeanza kutoa harufu ya sanduku, simu yake ilikuwa na shemeji mdogo, viatu vilikwenda naye. Kitu kimoja tu kilikuwa kimekaa kama alivyokiacha kwa vidole vyake, kila pindo mahali alipolibana mwenyewe. Nilitaka kibaki hivyo. Na nilijua hakiwezi, kwa sababu hakikuwa chetu. Mwenyewe angepita siku yoyote kukidai.

Kabla hajapita, wifi yangu mkubwa alipiga simu. Msiba ulikuwa unamalizwa.

"Uje na vitu vyake vyote vya mikono," akasema. "Kila alichokuwa anakishika. Kwetu havibaki nyuma."

Ndiyo desturi ya ukoo wao. Siku ya kumaliza msiba vitu vya marehemu vinatandazwa kwenye mkeka, jembe, panga, redio, kofia, kila mtu anaviona, ndipo vinagawiwa. Kitu kikifichwa, wanasema marehemu atakuwa anakifuata. Ningeweza kukiacha kile kichwa cha gia Ilomba na asingejua mtu. Lakini niliambiwa vyote. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikakiweka juu ya nguo zangu kisigandamizwe, nikapanda basi asubuhi. Baada ya Igawa nililala na mfuko mapajani mpaka Makambako.

Kulikuwa na baridi na ukungu tulipotandaza mkeka kesho yake. Wanawake walikuwa kwenye mafiga, wanaume wamekaa na pombe yao ya ulanzi upande wa zizi. Baba mdogo wa marehemu ndiye alikuwa anatoa vitu mfukoni kimoja kimoja na kuvitaja. Shazia. Mkasi. Kamba, kamba, kamba. Akafungua kitambaa.

Nikakiona kama walivyokiona wao. Kitu cha mviringo, kimezungushiwa kamba, chini yake kitambaa chekundu kinachungulia, na pini zimechomekwa kila upande. Miaka yote niliishi na vitu hivyo mezani kwangu, haikuwahi kunijia mtu mwingine angevionaje. Baba mdogo alikiweka chini polepole kama anaweka yai.

"Ndicho hiki," wifi akasema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Tuliambiwa kifua. Kifua! Ndugu yangu alikuwa na kifua lini?"

"Wifi, ni kazi yake hiyo."

"Kazi gani ya kuchoma sindano kitambaa chekundu?"

"Ni kichwa cha gia. Cha lori."

Shangazi mmoja aliguna. "Lori liko wapi hapo?" Mtu mwingine nyuma yangu akacheka, akanyamazishwa. Wifi akawa anataka makaa. Kichomwe hapo hapo, asubuhi hiyo, na mzee wa kanisa aombe. Mzee wa kanisa alikuwa anatazama viatu vyake.

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Watu wanadhani mfiwa anakuwa na hasira. Mimi nilikuwa na uchovu tu, tangu mgongoni mpaka kwenye meno. Niliona mambo mawili. Kikichomwa, nitamrudishia yule dereva nini? Na kikichomwa, mume wangu atabaki katika ukoo wao kama mtu aliyekufa kwa kitu cha mviringo, na mimi kama mke aliyelala nacho nyumba moja.

"Msikichome," nikasema. "Nitakifumua. Mtaona kilichomo."

Baba mdogo akasema, "Mke wetu amesema vizuri. Akifumue tuone."

"Asikiguse kwa mkono mtupu," wifi akasema.

"Wifi, nimekaa nacho miezi yote hii, na kitambaani nimekifunga kwa mikono hii."

Mzee wa kanisa aliomba, sala fupi. Nikakaa kwenye mkeka, nikachomoa pini moja moja nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo. Watu walisogea. Kila nilipochomoa pini shangazi alirudi nyuma kidogo. Kisha nikatafuta ncha ya mwisho nikaanza kuirudisha ilikotoka, chini ya mmoja, juu ya mwingine. Kamba ilikuwa ndefu na inabidi ipitishwe yote katika kila tundu, na mimi sikutaka kuikata. Ilichukua muda. Mzunguko wa kwanza walikuwa wameniinamia mpaka nasikia pumzi zao. Mzunguko wa pili mtu akauliza kama maharage yameiva. Wanaume walirudi kwenye ulanzi. Nilipofika kwenye ile njia ya kwanza tulikuwa tumebaki wawili, mimi na wifi.

Nikatoa kamba ya mwisho, nikavua kitambaa chekundu, nikampa kichwa cha gia. Kilikuwa cheusi, kimelika, namba za gia juu yake zimefutika zikabaki alama tu. Alikigeuza. Akakigonga kwa kucha. Aliangalia tundu la chini linaloingia kwenye chuma.

"Ni cha gari," akasema.

"Ni cha gari."

Alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyefika kutoka shamba. "Alikuwa anafanya hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Mimi nilidhani anauza kamba. Alisema kamba, nikajua anauza kamba." Akakigeuza tena. "Kwa nini hakutuletea hata kimoja tukaona?"

Nadhani aliona aibu, mtu mzima wa Kihehe kufunga gololi, lakini sina hakika.

"Basi kirudishe kama kilivyokuwa," wifi akasema.

"Sijui kufunga, wifi."

"Si kamba ipo? Na umekifumua mwenyewe, umeona ilivyopita."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeambiwa mkeka umekunjwa, naye anasema basi ukunjue. Nikageuza uso kwenye moshi wa mafiga nikalia hapo, na yeye akanishika bega, akidhani nalia msiba. Ulikuwa msiba pia. Vitu viligawiwa mchana. Kamba na shazia walinipa mimi, pamoja na kile kichwa cha gia, na wifi mwenyewe ndiye alivifunga tena kwenye kitambaa.

Ilomba nikaviweka mezani. Kamba ilikuwa imekaa muda mrefu katika umbo lile, kwa hiyo ilikuwa na mapindo, kila mahali ilipokuwa imebanwa na pini ilikuwa imejikunja kidogo na haikunyooka. Nikawaza nitaifuata. Nitalaza kila pindo pale lilipokuwa, na fundo litarudi lenyewe, la kwake. Nilivika kitambaa, nikaanza. Mwanzoni iliitika. Nilikuwa nashusha kamba na pindo linakwenda lenyewe mahali pake, mpaka nikaogopa kupumua. Nilipovuka nusu mapindo yakaanza kunidanganya. Nadhani nilipokuwa nafumua nilitia mengine kwa vidole vyangu mwenyewe, na sasa sikuweza kujua lipi ni lake na lipi ni langu. Nikafumua. Nikarudia siku nyingine, nikafumua. Fundo lilikuwa linatoka na mabonde kama barabara ya kijijini kwao.

Nilikaa na ile kamba siku kadhaa bila kufanya kitu. Nilijua dawa yake. Kamba yenye mapindo mume wangu alikuwa anailoweka, anaitundika na jiwe chini yake mpaka inyooke. Ikinyooka inakuwa kama mpya, haina habari ya mtu yeyote. Nilijua hivyo ndiyo maana nikawa nachelewa.

Asubuhi moja nikachota maji kwenye beseni nikaitia. Sikusali. Niliisukuma chini kwa kijiko maana ilikuwa inaelea. Jioni ilikuwa imening'inia kwenye kamba ya nguo, imenyooka, inadondosha maji.

Ilipokauka nikaanza upya kwa kukumbuka mikono yake na kwa kukosea. Njia ilinitoka vizuri. Kufuata kulinitoka vizuri pia. Katika kukaza nilivuta haraka sehemu moja, kamba ikapanda juu ya mwenzake, na nilipogundua nilikuwa nimekwisha kwenda mbali. Nikaacha hivyo. Nilichoma ncha kwa mshumaa, kazi ambayo naijua.

Dereva alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, ameacha lori barabarani.

"Pole sana, shemeji. Habari nilizikuta Tunduma."

"Nimeshapoa. Karibu."

"Sikai, nina mzigo. Nimeona nipite tu." Alikunywa chai amesimama. "Nisikufiche, nimekuja kwa ajili ya kile kichwa changu pia. Tangu nimempa nimechomeka gunzi la mahindi kwenye gia. Tingo wangu anasema nikifika Dar nitapewa na maharage."

Nikacheka, jambo ambalo sikulitegemea. Nikamletea. Alikipima mkononi, akakifunga vidole, akakigeuza. Kidole gumba kilifika pale kamba ilipopanda, kikasimama.

"Hapa pamenyanyuka kidogo."

"Ndiyo. Pamenyanyuka."

"Si neno, alikuwa mgonjwa. Nitakitunza hivyohivyo. Wenzangu nitawaambia hii ndiyo kazi ya mwisho ya kaka."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa amekishika vizuri sana, kwa mikono miwili, na ingekuwa rahisi kwetu sote. Hata mimi ningekuwa najua kwamba mahali fulani barabarani kuna kazi ya mwisho ya mume wangu, na watu wanaitaja.

"Usiwaambie hivyo," nikasema. "Ya kwake ilifumuliwa Iringa. Niliifumua mimi. Hii nimefunga mimi, hapo mezani. Yake haipo."

Aliniangalia, kisha akakiangalia tena kile kichwa, pale palipopanda. Nilifikiri atanirudishia. Alikitia mfukoni mwa koti.

"Basi nitasema ni ya shemeji."

"Sema hivyo."

Tulitoka wote mpaka barabarani. Tingo alikuwa amelala kwenye kiti, akaamshwa. Dereva alichomoa gunzi akalitupa mtaroni, akakaza kichwa chake mahali pake, akakitikisa kulia na kushoto kuona kama kimeshika. Kilikuwa kimeshika. Akaniinulia mkono akawasha gari, nami nikarudi ndani kuanua nguo, maana mvua ilikuwa imeshafika mlimani.