Paa la Dada Jukwaani

Katika okestra ya watu hamsini, yeye ndiye aliyekuwa radi. Miaka kumi na tisa alisimama nyuma kabisa ya jukwaa, kando ya ngoma kubwa, akitikisa bati lililoning'inizwa kwa kamba. Wenzake walimwita Radi, hata msibani.

Msimu huo walijifunza muziki mpya kuhusu ghadhabu ya dhoruba. Kiongozi wa okestra akalikataa bati la zamani.

"Hili limelelewa ndani," alisema. "Nataka lililoonja upepo."

Akamtuma mtu kwa wauza vyuma chakavu.

Bati lilipofika, Radi alikiona kiraka cha lami pembeni. Kiraka kile alikibandika kwa mkono wake, juu ya chumba cha dada yake. Dhoruba ya mwaka jana ililing'oa likapotea, na hadi siku hiyo dada na wanawe walilala chini ya turubai.

"Mkuu, hili ni la dada yangu. Mvua zinakaribia. Naomba nimrudishie."

Kiongozi akapiga makofi. "La dada yako! Ndiyo maana lina roho! Msimu ukiisha utalichukua. Haraka ya nini?"

Dada aliposikia, alicheka kicheko kikavu. "Kumbe paa langu limepata kazi kabla yangu! Haya kaka, lisalimie."

Alasiri ya onyesho, ukumbi ulinuka manukato hadi kooni. Watu walifumba macho, videvu juu, wakiionja dhoruba kama wanaonja mchuzi. Bibi mmoja mstari wa mbele alijipepea kwa karatasi ya ratiba, iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu: *Bati halisi, lililong'olewa na dhoruba.* Mate yalimjaa Radi mdomoni, hana pa kuyatema.

Filimbi zikapanda, ngoma zikanguruma, kiongozi akamnyooshea fimbo. Radi akalikumbatia bati kwa mikono miwili, lisitoe hata mlio. Ukumbi mzima ukatulia tuli.

Halafu wakasimama wote, wakishangilia.

"Fundi wewe!" kiongozi alimnong'oneza, jasho likimtiririka. "Ule ukimya! Kesho hivyo hivyo."

"Kesho tikisa kidevu chako," Radi akajibu, akaanza kufungua kamba.

Alitoka na bati kichwani kwa mlango wa mbele, katikati ya watu waliokuwa wakifuta machozi. Mmoja akanyoosha kidole aliguse.

"Litakuchafua," Radi akamwambia.

Nje, matone ya kwanza yalianza kuligonga. Akaongeza mwendo.