Mama Mihogo Apanda Mnara

Miaka kumi na tisa Mama Mihogo alikaanga mihogo mlangoni mwa mji mkongwe, akiwahadithia wageni habari za ndani, na ndani kwenyewe hajatia mguu hata siku moja. Shule hakuiona. Historia aliitunga palepale, mafuta yakichemka. Wafalme wake wote walikoroma, wote walikuwa waongo, na wote mwishowe walimwacha mke wa ujanani wakamfuata mkata tiketi. Ndivyo alivyofanyiwa na aliyekuwa mumewe, mtembeza wageni waliyembandika jina la Profesa. Alidhani anamuumbua bwana yule. Kumbe alikuwa akiitangaza talaka yake kwa dunia nzima, na wageni walimpa pole nyingi kuliko walivyonunua mihogo.

Ndipo afisa wa makumbusho alipopita na kusema kila muuzaji wa mlangoni ataulizwa swali moja la mji siku ya Jumamosi. Atakayeshindwa atahamia nyuma ya gereji.

"Nenda kwa Profesa akufundishe," dada yake alimwambia.

"Bora nikaange mawe."

Ijumaa akajifunika mtandio gubigubi, akajipenyeza katika kundi la wageni wa Profesa, akaingia nao mjini. Alijiona jasusi. Alisahau kwamba mtu wa karai hunuka mafuta hata akioga kwa ndimu. Profesa akanusa, akageuka. Mama Mihogo akaona mlango wa mnara, akatumbukia ndani, akaanza kupanda. Si kwamba alipenda kupanda. Aibu ndiyo iliyomsukuma. Akahesabu ngazi ili asilie: mia na kumi na mbili. Kutoka chini akamsikia Profesa akiwaambia wageni, "Mnara huu una ngazi mia kamili."

Kule juu aliuona mji wote, na jiko lake likiwa dogo kama kifungo cha shati. Hicho ndicho alichokuwa akikikosea usingizi. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi afisa akamuuliza, "Mama, mnara huu ulijengwa na nani?"

"Sijui, baba. Nikikujibu nitakudanganya, na nimeshadanganya vya kutosha hapa. Ninachojua una ngazi mia na kumi na mbili."

Profesa, aliyekuwa amesimama kando na wageni wake, akacheka. "Mia, bwana afisa. Huyu anahesabu kama anavyokaanga."

"Umewahi kuupanda?"

"Mimi huueleza nikiwa chini," Profesa akasema.

"Basi kahesabu."

Alikawia. Aliporudi, shati limemganda mgongoni. "Mia na kumi na moja," akasema kwa sauti ya mgonjwa.

Mama Mihogo akakumbuka kuwa katikati ya safari alikaa kupumzika, na alipoinuka akaihesabu tena ngazi aliyoikalia. Akalisema hilo mwenyewe, kabla hajaulizwa.

"Wewe umekosea moja, tena umekiri," afisa alisema. "Baki hapa. Profesa, wewe tuonane ofisini."

Nafasi ikabaki yake. Akaikalia kutwa nzima bila kuinuka, maana magoti yaligoma, na wageni wakajikaangia wenyewe.